Nilijiandika Dada Yake

Mgema niliyezaa naye alianguka kutoka juu ya mnazi asubuhi, kibuyu kikiwa bado kiunoni. Miaka minne tumekaa chumba kimoja hapa Kilifi, na binti yetu ana mitatu. Mnazi aliougema yeye, ile pombe yenyewe, umenywewa kwenye posa za watu wengi. Kwetu mwanamume huupeleka kwa baba wa msichana, msichana akaulizwa mbele ya wazee, "Tunywe?" Akisema kunyweni, ana mume. Baba yangu hajaletewa hata tone. Nikimkumbusha mgema wangu huwa ananiambia, "Mwezi ujao, mama." Mwezi huo sijauona.

Hospitalini nesi alinijia na karatasi. Damu inavuja tumboni, lazima apasuliwe sasa hivi, na mwenyewe hajitambui.

"Wewe ni nani wake?"

Mama yake huko Ganze huniita "yule anayekaa naye". Kaka yake huniita shemeji akiwa na njaa. Akishiba, mimi ni "huyu mwanamke". Yeye mwenyewe kwa wagema wenzake husema "mtu wangu wa nyumbani", kama vile mimi ni paka.

"Kama ni bibi, nataka cheti cha ndoa," nesi akasema. "Juzi walikuja wawili, wakapigana hapa hapa. Kama ni ndugu, tia sahihi."

Nikampigia kaka yake, yuko Mariakani.

"Usiguse hiyo karatasi," akasema. "Wewe mkewe tangu lini? Mnazi wenu ulinywewa kwa nani? Ningoje nifike."

"Atakufa!"

"Ningoje, nimesema." Akakata.

Nikarudi kwa nesi. "Mimi ni dada yake. Baba mmoja, mama mmoja."

Akanipa kalamu. Cheti cha udada hakuniuliza. Mke ndiye anayedaiwa cheti.

Kaka yake alifika jioni, akasikia ninavyoitwa, akacheka. "Hapo sasa umesema la maana."

Wiki nzima nikawa dada. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha. Mtoto nilimfundisha njiani: ukifika sema mjomba. Siku ya kwanza akapaza sauti, "Mjomba baba!" nikamfinya. Nimemfinya mwanangu kwa kumwita babake baba. Hilo sijajisamehe.

Na manesi nao: "Bibi yake yuko wapi? Wanawake wa siku hizi, mume akilala tu wamepotea." Nikaendelea kumwosha.

Siku alipoanza kuzungumza vizuri, nesi yule wa karatasi alikuwa anambadilisha bandeji, mimi nina bakuli la uji, mtoto kando yangu.

"Huyu dada yako ana moyo," akamwambia. "Lakini bibi yako mbona haji?"

Nikashusha kijiko. Sahihi nilishatia, amepona, hakuna wa kumfukuza mtu tena. Neno moja tu nilikuwa nalingoja, nimesimama pale kama msichana mbele ya wazee.

Alinitazama, akamtazama mtoto, akatazama dirishani.

"Sina bibi," akasema. "Ni dada tu."

Nesi akaondoka. Uji ulikuwa unamchuruzika kidevuni. Nilimfuta kwa nguvu mpaka akakunja uso.

"Mbona wakasirika?" akaninong'oneza. "Kaka kanambia. Si wewe uliyeandika?"

Nikaliacha bakuli kifuani pake, nikambeba mtoto. Tulipofika mlangoni mtoto akageuka, akampungia mkono. Siku hiyo sikuwa nimemfundisha kitu.

"Kwaheri, mjomba."