Vitufe vya Chini ya Skrini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kitale, niliharibu picha. Nilikuwa nimefika darasa la nne tu, nikaandikwa kufagia upande wa eksirei. Nikafungua mlango wa chumba cha giza, mahali filamu zilipitishwa kwa dawa, mwangaza ukaingia, filamu ikawa nyeusi yote. Mkubwa wangu, Bwana Simiyu mpiga picha, hakupiga kelele.

"Mama Sikuku, ukiharibu, sema. Picha tutapiga tena. Ukinyamaza, mgonjwa ndiye anaumia."

Baadaye nikahamia Bungoma. Huko filamu hazikutumika tena, picha za ubongo zilisomwa kwenye kompyuta. Daktari Chebet, msomaji wa picha, alipenda kueleza hata sisi wa mopu. Ati ubongo ni kijivu juu ya kijivu. Usipopanga vizuri mwangaza, ili weusi na weupe viachane, damu nyembamba inajificha kando ya fuvu, maana damu na mfupa vyote vinaonekana vyeupe. Kupanga huko waliita dirisha. Akisogeza kipanya, dirisha linapanuka, mfupa unaachana na damu.

Asubuhi moja nilipangusa skrini yake kwa kitambaa, pamoja na vitufe vya chini. Ikang'aa sana. Nikafurahi, nikajua leo nimesafisha.

Saa nne akaletwa Nafula, muuza nyanya wa Kanduyi, ameanguka kutoka kwa bodaboda, kichwa kinamuuma. Daktari akaitazama picha yake, akatikisa kichwa.

"Sioni kitu. Apewe dawa ya maumivu, aende nyumbani."

Nafula akaanza kufunga leso. Mimi nilisimama na mopu yangu. Wiki hiyo ndiyo wakubwa wa hospitali walikuwa wanaamua nani abaki kazini.

"Daktari, hiyo skrini niliipangusa asubuhi. Iling'aa ghafla. Nilidhani ni usafi."

Otieno, kijana wa mashine, akacheka. "Ati usafi! Mama, wewe unaosha mpaka ubongo?"

Daktari hakucheka. Alibonyeza vitufe, mwangaza ukashuka, akapanua dirisha polepole. Ndani ya fuvu ukatokea mstari mwembamba, umejikunja kama ukucha. Damu.

"Nafula, keti, mama. Huendi popote."

Alipasuliwa siku hiyo hiyo, akapona. Jioni Daktari aliniita. "Si ungesema asubuhi?"

"Sikujua ni kosa."

"Sasa unajua." Akanipa plasta, nikaibandika juu ya vile vitufe, visibonyezwe tena. Na kazini nikabaki mpaka nikastaafu.

Watu huniuliza kama kazi ya kufagia ilikuwa na maana. Mwezi uliopita nilirudi pale kupigwa picha ya goti, nikaingia chumba cha kusomea picha. Skrini ni mpya, Daktari Chebet alishahama. Lakini chini ya skrini kulikuwa na plasta, safi, ya juzi juzi. Nikanyoosha kidole.

"Kukhu, hapo hapaguswi!" msichana wa kufagia akanikemea, akiniita nyanya yake kwa Kibukusu.

"Kwa nini?"

"Sijui. Aliyenifundisha kazi alisema hapaguswi, na ukigusa, umwambie daktari."

Nikarudisha mkono wangu, nikamwomba msamaha.