Mizani ya Baba na Njaa Yangu

Rafiki yangu mmoja wa mjini aliniletea zawadi ya mizani ya kukanyaga, ya kioo, inayowaka namba nyekundu. Eti niweke bafuni. Nilimshukuru, nikaitia kwenye mfuko, nikampelekea mama muuza nyanya jirani yangu. Akaniambia kwa kazi yake haifai, ila ataitumia kuwekea ndoo ya maji. Vizuri sana. Sijawahi kuona mizani ikipewa kazi ya heshima kuliko ile.

Mizani nazijua. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nusura nife kwa ajili ya mizani moja. Aliyeweza kuniokoa kwa sentensi moja alikuwa baba yangu mzazi, na sentensi yenyewe ilikuwa imemkwama kooni. Nitaieleza polepole, maana watu mna haraka ya kumwonea mtu huruma, na mimi huruma siitaki.

Kwetu ni milimani, Mbinga, kahawa mbele ya nyumba na mahindi kwenye ngolo, yale mashimo tunayolima mteremkoni, huko nyuma. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa kalamu mbili mfukoni, msomaji wa somo la kwanza kanisani. Serikali ilipofungua milango na wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, chama kikazorota, ghala likafungwa, baba akabaki na kalamu zake. Mwaka huohuo nilimaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari. Jina langu lilibandikwa kwenye ukuta wa shule, watu wakaja nyumbani kumpa baba mkono wa pongezi. Alipokea mikono yote. Walipoondoka akainama kufungua kamba za viatu, akasema, "Kwa sasa atasoma kaka yako. Wewe utakaa na mama yako."

Hakuniangalia. Aliongea na kiatu. Mama akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu, na shauri likaishia hapo. Nani aniulize mimi? Thubutu!

Ikaingia Kwaresima. Kila mtu alijinyima kitu: baba pombe, mama chai ya sukari, mimi nikajinyima chakula cha mchana. Siku za mwanzo nilisikia njaa kama binadamu yeyote. Kisha siku moja baba alinisukumia sahani akasema, "Kula." Nikasema, "Nimefunga." Akanyamaza! Baba yangu, ambaye hata jogoo wetu alikuwa akiomba ruhusa kwake kuwika, alinyamaza kwa neno langu moja. Loo! Sekondari gani ingenifundisha kitu kitamu kama kile?

Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya mtu. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Mibuni ni ya baba, kuku ni wa mama, mkopo wa baiskeli ni wa kaka, na hata mikono yangu ilikuwa ya jembe. Mdomo ulikuwa wangu. Nikiufunga hakuna wa kuufungua. Baba alipiga meza, mama akalia, na mimi nilikaa katikati yao nimetulia kama mkuu wa wilaya anayesikiliza kero za wananchi.

Akina mama wa kanisani ndio walionimaliza. "Binti huyu ana wito," walisema, wakaanza kunitafutia hadi shirika la masista. Mmoja aliniomba nimwombee mguu wake. Nami nikauombea, mnafiki mkubwa! Wito gani? Nilikuwa namkomoa baba, na Mungu nilimtumia kama kisingizio cha kufungia mlango.

Na msiniambie kwamba zamani watu walikuwa wanaangaliana. Kwetu Umatengoni, siku za Jumapili, nyumba zote za babu mmoja zilikuwa bado zinaleta chakula chao mahali pamoja. Wanaume bakuli lao, wanawake na watoto bakuli lao. Ndiyo sengu. Wazee wanaisifu hadi leo, eti kwenye sengu hakuna anayeshinda na njaa kwa sababu kila mtu anamwona mwenzake. Uongo mtupu! Bakuli la watu tisa halina macho. Wote wanaona mkono wako unaingia na kutoka, na hakuna anayefuatilia tonge lilikoishia. La kwangu liliishia kwa binti wa baba mdogo, aliyekaa ubavuni mwangu mdomo wazi. Mwaka ule alinenepa kama nguruwe wa mapadri, na mama yake akasema ni baraka ya dawa ya minyoo.

Pasaka ikafika, watu wakarudi kwenye nyama zao. Mimi sikurudi. Basi wale wale walioniombea utawa wakabadili wimbo. Kwanza nina mimba. Mimba ilipokataa kuonekana, nimerogwa. Mwishowe wakaacha kutaja, wakawa wananiangalia mikono na kuguna, maana miaka ile ya ukimwi mtu akikonda watu hawakuwa na maswali mengi. Yule wa mguu alikuja kwetu akakataa kikombe nilichomshikia. Nilicheka peke yangu jikoni. Niliwadharau wote, na dharau ile nilidhani ndiyo nguvu.

Sasa mizani. Baba alipata kazi ya uwakala wa mnunuzi mmoja wa mjini. Akaichukua mizani ya zamani ya chama, ile ya kuning'iniza yenye uso wa duara kama saa, akaifunga kwenye boriti ya stoo yetu. Kila Ijumaa, baba akiwa ametoka, nilifunga kamba ya gunia kwenye ndoano, nikakaa kwenye kitanzi, nikainua miguu na kugeuza shingo nisome. Ndiyo, nilijipima kama kahawa. Sindano ikishuka, ningeweza kuimba. Isiposhuka, siku hiyo hata mate niliyaonea shaka.

Msimu ulipokaribia, karani wa yule mnunuzi alikuja na fundi. Wakajifungia stoo na baba muda wa kutosha kupika maharage. Walipotoka baba hakuwasindikiza hadi barabarani, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu, lakini sikulitilia maanani. Ijumaa iliyofuata nilikaa kwenye kitanzi changu, nikageuza shingo, na sikuamini macho. Kilo nne zilikuwa zimeondoka kwa wiki moja!

Furaha niliyoipata sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Nilishuka nikabusu ile kamba. Nilijiona nimekuwa mtu ambaye akiuamuru mwili, mwili unasimama wima. Nikajiwekea amri mpya, kali kuliko za mwanzo, na ndani ya mwezi mmoja nikaanguka kwenye ngolo nikiwa na jembe mkononi.

Mama hakumwomba mtu ruhusa. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona hivyo. Alinipandisha lori lililokuwa linashuka ziwani na kunipeleka Mbaha kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyeolewa huko na mvuvi. Njiani alinibembeleza nikala nusu ya kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nusu! Alinikabidhi kwa mdogo wake akageuza na lori lile lile, maana nyumbani kulikuwa na watu wa kupikiwa.

Mama mdogo hakuwa mtu wa maneno matamu. "Huyu siyo mgonjwa, huyu ni mbishi," alisema. "Kesho zahanati." Nesi wa zahanati alinisimamisha kwenye mizani ya kukanyaga, akasoma, akaandika. Nami nikasoma. Ilikuwa imezidi ile ya Ijumaa kwa kilo nne.

Fikirini. Binti aliyechaguliwa sekondari, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, alisimama pale akahitimisha kwamba nusu kipande cha muhogo kimemwongezea kilo nne. Hilo ndilo nisilojisamehe. Njaa naisamehe, ukaidi nausamehe. Ule upumbavu siusamehe. Nilishuka kwenye mizani nikafunga mdomo kabisa, kwa chakula na kwa maji. Mama mdogo alinichomea samaki, mbasa ambaye mafuta yake yalikuwa yanadondoka motoni, nikageukia ukutani. Siku ya tatu midomo ilipasuka, na nesi akamwambia mama mdogo mbele yangu, bila kupunguza sauti, "Hospitali ni mbali, njiani anaweza asifike. Asipokunywa leo, waiteni wenyewe."

Wenyewe wakaitwa. Mama alibaki na msimu, baba akaja na baba mkubwa, kaka yake. Nilielewa mara moja kwa nini wamekuja wawili, maana kwetu mtu haendi peke yake kufuata maiti. Baba mkubwa alikuwa na blanketi jipya kwapani, bado lina karatasi yake.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba, mama," alijibu baba mkubwa. Baba alikuwa anaitazama mikono yangu.

Nesi aliwaeleza. Kwamba binti anaamini amenenepa njiani, kwamba mizani ya kijijini kwao inasema hivi na hii inasema vile, kwamba yeye amempimia hadi gunia la unga lisilofunguliwa mbele ya macho yake ili aone mizani ya zahanati haina kosa, na bado binti hasadiki. "Mwambie wewe, baba yake," alisema. "Mizani si yako?"

Baba alikohoa. "Mizani hazifanani," alisema. "Na huku chini hewa ya ziwani ni nzito."

Hewa nzito! Msomaji wa somo la kwanza! Mama mdogo alimtazama kama mtu anayetazama dagaa walioharibika. "Shemeji," alisema, "mtoto anakufa, wewe unasema hewa?"

Nilijiinua kwa kiwiko. Nilitaka jambo moja tu duniani, nijue ipi ya kweli, kwa sababu kama ya baba ndiyo ya kweli nilikuwa tayari kwenda nayo hadi mwisho. Nikamwambia, "Baba, niambie. Ya kwako au hii?"

Hapo ndipo niliona mtu akipimwa. Alinitazama mimi, akamtazama kaka yake, ambaye kila gunia alilokwisha kuvuna msimu ule lilikuwa limepita kwenye ndoano ile. Akatazama mlango. Nikadhani ananiacha nife, na naapa kwamba kwa kitambo fulani alikuwa anafikiria hilo. Kisha akasema, kwa ile sauti aliyoongea nayo na kiatu, "Ya kwangu inaiba. Walibadili springi. Katika kila kilo kumi inaficha moja."

"Na kahawa yangu?" aliuliza baba mkubwa.

"Na yako, kaka."

Baba mkubwa hakutukana. Aliliweka blanketi miguuni pangu, akatoka nje, na tangu siku hiyo hakumwita tena mdogo wake kwa jina la utoto wao.

Nami? Msidhani nililia kwa furaha. Nilishikwa na hasira ambayo ilinitoa jasho, mtu mwenyewe sina hata maji mwilini. Zile kilo nne zangu! Ushindi wangu mkubwa, kamba niliyoibusu! Kumbe ulikuwa wizi wa baba. Alikuwa amenipokonya shule, amenichagulia jembe, na hata njaa yangu, niliyodhani ni mali yangu peke yangu, alikuwa ameipunja kama kahawa ya watu. Nilimwambia mama mdogo, "Nipe uji." Niliunywa kwa hasira, kikombe kizima, nikautapika, nikaomba mwingine.

Sikupona siku ile. Watu hupenda hadithi ya kikombe kimoja. Nilikaa ziwani miezi mingi, na miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, bado ziko siku nimesimama mbele ya sufuria nikitafuta kisingizio. Mama mdogo alinilisha kwa matusi na samaki, na matusi ndiyo yaliyonifaa zaidi, maana hayakunifanya mtakatifu.

Niliporudi milimani ilikuwa Jumapili. Sengu ilikuwa imekaa. Wanaume walilizunguka bakuli lao, wanawake lao. Baba hakuwemo. Mama alinionyesha kwa kidevu: alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi ya stoo, bakuli dogo mapajani. Hakuna aliyemfukuza. Siku moja tu alipofika kunawa, kila mtu alikuwa amekwisha kunawa, na Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, mpaka akaelewa. Kalamu zake mbili zilikuwa bado mfukoni.

Sikumsamehe. Naomba hilo lieleweke, maana wapo watakaotaka kunipamba. Nilimwona mdogo, na nilimdharau. Lakini kule kwa wanawake binti wa baba mdogo alikuwa ameshanisogezea nafasi ubavuni mwake, mdomo wazi, na nilijua vizuri nikikaa pale matonge yangu yatakwenda wapi.

Nilinawa, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya stoo. Binti na baba yake bakuli moja, kwetu si kawaida, na nyuma yangu nilisikia mazungumzo yakikatika. Baba alisogeza bakuli katikati yetu. Hakusema "kula." Nilikata tonge, nikalichovya, nikalitia mdomoni, naye akalifuata kwa macho mpaka nikameza. Kisha akala lake, nami nikalifuata.