Kinanda Kilichotetemeka

Juzi kanisani Kashikishi, miguu ikiniuma kwa kushinda sokoni, nilisikia sauti za kinanda zikitetemeka. Kijana wa kinanda alinieleza kwamba ndani muna wimbi la umeme la polepole. Lenyewe halisikiki, kazi yake ni kuyumbisha sauti zote.

Nikakumbuka mchana mumoja katika baa: harufu ya samaki waliokauka, jenereta ikinguruma. Baba alikuwa amevuta nyavu usiku kucha, na patron, mwenye baa, alikuwa anamujaribu kwenye kinanda kipya cha kutoka Lubumbashi. Kama angepata kazi ya kupiga kinanda, angeachana na uvuvi wa ziwani. Baba akaminya kwa vidole vine, na sauti zote zikatetemeka. Mimi, binti yake, mutoto wa soko, nilijua sauti ya kutetemeka ni ya muuzaji anayekaribia kushusha bei.

“Patron, umusamehe, mikono yake imechoka!” nikalia.

“Nyamaza, mama,” baba akaniambia. “Ingekuwa mikono, kila kidole kingetetemeka kivyake. Sikia, zinaenda pamoja.” Akazungusha kifungo kimoja cha kinanda, sauti zikatulia.

Patron akacheka, akamupa kazi.

Nyumbani baba alishika kikombe cha maji kwa mikono yote miwili. Maji yakamwagika vilevile.