Bati Nililolipaka Mafuta ya Nazi

Ilianza Jumatano, saa saba na dakika arobaini mchana, kipindi cha mwisho, fizikia. Chupa yangu ya jemu ilikuwa juu ya meza ya mwalimu na darasa zima lilikuwa linaitazama. Mdomo wake nilikuwa nimeuziba kwa nta ya mshumaa, nikapitisha waya katikati. Juu ya waya nilikaza kipande cha bati la zinki. Chini, ndani ya chupa, vilining'inia vijikaratasi viwili vya fedha nilivyovibandua kwenye pakiti ya sigara.

Mwalimu alisugua rula ya plastiki kwenye sweta, akaigusisha kwenye bati. Vijikaratasi vikaachana, maana vilijaa elektroni, na elektroni hazipendani. Akasema mwanga unaweza kuzifukuza kutoka kwenye metali, na zikitoka, vijikaratasi vitarudiana. Akawasha tochi. Wapi! Akaleta balbu kubwa. Wapi.

"Zimegoma, mwalimu," mmoja akasema kutoka nyuma. "Zinasubiri foleni ya sukari."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanigeukia mimi. "Kwa nini hazitoki?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelisoma mara tatu. Lakini watu wakinitazama wote kwa pamoja, maneno hunikaukia mdomoni. Nikatazama viatu vyangu.

"Haya. Kesho kipindi cha kwanza utatueleza. Ukinyamaza tena, nafasi ya maonyesho ya shule tunawapa wenzako wenye jaribio la sumaku."

Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule.

Nikatoka shule moja kwa moja hadi mtaa wa Gerezani, chupa ikiwa ndani ya kikapu. Baba mdogo alikuwa anachomelea mageti kule, kwenye banda la mafundi wa ushirika. Kitabu kilisema mwanga unaotakiwa ni ule unaopita zambarau, ambao macho hayauoni, na moto wa kuchomelea unao mwingi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Umeniletea chakula?"

"Nimeleta chupa."

"Makubwa!" fundi mwenzake akadakia. "Leo tunachomelea jemu!"

Kwa baba mdogo maneno hunitoka bila shida, kwa hiyo nikamweleza yote. Akanisimamisha niupe moto kisogo, nisiutazame hata kidogo, chupa ikiwa mbele yangu, ili mwanga upite juu ya bega langu uangukie bati. Nikasugua rula, nikagusisha. Akapiga moto. Banda zima likawa jeupe.

Vijikaratasi havikutikisika.

Nasema kweli, nilitaka kulia. Kama hata moto ule umeshindwa, kesho ningesimama niseme nini?

Baba mdogo akavua kinyago chake, akapitisha kidole juu ya bati, akakitazama. "Hili bati au chapati? Mbona lina mafuta?"

Mafuta ya nazi. Juzi yake nililisugua bati mpaka likang'aa, kisha nikalipaka ili hewa ya chumvi isilichafue. Bibi hufanya hivyo kwa visu vyake.

"Mimi chuma chenye mafuta sikichomelei," akasema. "Huo mwanga wako nao utapita wapi?"

Sabuni haikuwapo madukani siku zile. Nikaomba majivu kwa mama aliyewapikia mafundi chai, naye akaniongezea nusu ndimu. Nikasugua, nikasuuza, nikalianika juani likauka kabisa. Tukarudia. Moto ulipowaka, vijikaratasi vikashuka taratibu, vikagusana.

"Zimetoka!" nikapiga kelele. Mimi, katikati ya banda la wanaume!

Mara ya tatu nilisugua rula tena, nikagusisha, kisha nikaweka kipande cha kioo cha dirisha kati ya moto na bati. Mwanga ulipenya, niliuona kabisa ukiangaza bati, lakini vijikaratasi vikabaki vimeachana. Nikaondoa kioo, vikalala. Basi kazi yote ilikuwa ya ule usioonekana, ambao kioo kiliuzuia. Nikamwambia baba mdogo kwamba mwanga huja kwa mafungu, na fungu moja husukuma elektroni moja. Fungu la mwanga wa tochi ni dogo mno, halitoi hata moja, hata yakija mafungu mangapi.

Akafikiri kidogo. "Kumbe. Hata ukiniwashia mishumaa soko zima la Kariakoo, bawaba moja siichomelei."

Nikayaandika maneno yake kiganjani, nikarudi nyumbani kwa miguu, nimekumbatia kikapu, nikicheka peke yangu kama chizi.

Asubuhi yake nililisugua bati kwa majivu tena, na mafuta ya nazi nikaziachia nywele zangu ziyanywe. Mwalimu alipoingia, kabla hajafuta ubao, nikanyoosha mkono. "Naomba kueleza," nikasema, nikaanza na kosa langu la mafuta. Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaingia kwenye mishumaa ya Kariakoo, na sikutazama viatu vyangu mpaka nilipomaliza.