Kitufe cha Mwalimu Eunike

Mwalimu Eunike alikuwa mtu wa kujiamini mpaka anaudhi. Mwaka 2009, chuo chetu kidogo cha njia ya Usa River kiliponunua kompyuta ishirini, alitangaza kwamba somo lake lote linahamia mtandaoni. Somo lenyewe lilihusu namna ya kubuni kurasa za kompyuta ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitumia bila kubabaika. Mimi, fundi mitambo wa chuo, nilimshauri tuliache darasa hilo la mtandaoni kwa Kiingereza kama lilivyokuja. Alinitazama kama nimemtukana.

"Abdiel, nafundisha kumheshimu mtumiaji, halafu mimi mwenyewe nimsemeshe kwa lugha ya watu?"

Miezi miwili akatafsiri kila kitufe na kila onyo. Lazima nikiri, kazi ilikuwa safi.

Zoezi la kwanza lilikuwa kubuni fomu ya kusajili shamba, kuijaribu kwa kujaza shamba lako mwenyewe, kisha kuiacha humo kwenye darasa la mtandaoni isahihishwe. Wanafunzi thelathini, watu wazima wenye kazi zao, walisoma kutoka intaneti kafe iliyo karibu nao. Zikafika kazi kumi na tisa. Kumi na moja hazikuonekana, ingawa rekodi zilionyesha wenyewe walikaa humo saa nzima. Mkuu wa idara, Dakta Philemoni, hakuzunguka: Ijumaa ikifika bila kazi hizo, somo linarudi kwenye ubao na chaki.

Mimi nikaulaumu mtandao. Eunike akanilaumu mimi. Jumatano tukaenda wote kafe ya Usa River, ambako mmoja wa wale kumi na moja, mzee Kaanaeli, bwana mifugo wa vijiji vya juu mlimani, alikuwa akisomea.

"Shikamoo, mzee. Fanya kama sipo."

"Marahaba, mwalimu."

Hiyo ndiyo kanuni aliyokuwa akiwafundisha: kaa nyuma ya mtu, funga mdomo, tazama mkono wake. Kwa Eunike kufunga mdomo ni adhabu kubwa. Mzee akajaza jina, kijiji, ekari mbili na nusu, ng'ombe wanne. Mshale ukashuka hadi kitufe cha mwisho, ukasimama. Kisha mzee akafunga ukurasa, kazi yote ikapotea.

"Mzee! Kwa nini?"

Kaanaeli akageuka taratibu. "Mwalimu, shamba langu linapakana na hifadhi. Tembo wakitoka, kwangu ndiko wanakoanzia. Kila mwaka tunasikia mpaka utasogezwa. Leo niandike ekari zangu, halafu nibonyeze Hifadhi? Hapana, mwanangu. Bora sifuri."

Eunike akainama kukitazama kitufe alichokitafsiri mwenyewe kutoka "Save". Yeye ni mzaliwa wa Kijenge, na kwa watu wa mjini hifadhi ni mahali pa watalii. Wale kumi na moja wote walitoka vijiji vya mpakani mwa hifadhi. Aliona aibu, na hakuificha.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Nilidhani ndivyo ilivyoagizwa. Nianzie wapi kuuliza?"

Eunike akavuta kiti, akakaa ubavuni pa mzee. "Ukiwa na kitu hutaki kipotee, unamwambiaje mama nyumbani?"

"Namwambia, nitunzie hiki."

Saa tisa mchana huohuo tulikuwa tumeshabadilisha neno Hifadhi katika kila ukurasa, na Eunike akawapigia simu wote kumi na moja, mmoja mmoja, kuwaomba radhi.

Kazi ya Kaanaeli ikaingia Alhamisi asubuhi, na Ijumaa saa sita zilikuwemo zote thelathini. Dakta Philemoni akaridhia somo libaki mtandaoni. Nikajiandaa kusikiliza majigambo. Badala yake Eunike alifungua orodha ya alama, akaongeza jina lake chini ya mwanafunzi wa thelathini, akajipa sifuri, akabonyeza Tunza.