Mrija wa Impeke

Ko, ko, ko. Ndivyo wavuvi wa Rumonge, Burundi, walivyogonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, kuwatisha samaki waingie wavuni. Spesiosa aliusikia mlio huo mara ya mwisho mwaka sabini na mbili, akiwa msichana, mama yake akimvuta mkono wakikimbia mauaji. Ziwa ni lile lile, lakini upande huu wa Kigoma lilimsemesha kwa sauti nyingine.

Kilichompoza moyo ni chungu cha Jumapili. Baada ya ibada, watu wa Rumonge waliohamia Kasingirima, mtaa wa Kigoma, walikutana uani kwa dada yake, Eufrasia, wakanywa impeke, pombe ya mtama ya kwao. Walikunywa kwa mrija mmoja, ukipita kinywa hadi kinywa. Aliyepewa mrija alikuwa wa nyumbani, hata kama nyumbani kwenyewe kulikuwa ng'ambo.

Kisha kikaja kikohozi. Spesiosa aliishi kwa kubanika samaki aina ya migebuka, na mwanzoni alilaumu moshi. Alipoanza kukonda, zahanati wakasema huenda ni kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Alianza kumeza dawa. Jumapili iliyofuata mrija ulipomfikia, akaupitisha bila kunywa.

"Mimi nitatumia kikombe," alisema, akahamia kizingitini.

Hakuna aliyemfukuza. Ila hakuna aliyemwambia arudi.

Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki, sasa na michirizi ya damu. Hospitalini mjini wakampiga picha, wakatoa kinyama kidogo pafuni, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Majibu yaliporudi, Spesiosa alikwenda na mumewe, Sindayigaya. Daktari alikuwa Elinipa, mama wa Kipare aliyehamishiwa Kigoma.

"Mama, hiki si kifua kikuu. Ni saratani ya mapafu."

Sindayigaya akaruka kitini. "Daktari, huyu sigara hajaigusa hata siku moja! Mvutaji ni mimi!"

"Tulia, mzee wangu. Saratani ya mapafu si moja. Yako makundi mawili makubwa. Kuna ya seli ndogo. Hiyo ina mbio, husambaa mapema, na karibu kila mara hufuata tumbaku. Kundi la pili ni la seli zisizo ndogo. Hilo ndilo la watu wengi, na kwa kawaida haliendi mbio vile. Ndani yake kuna inayoanza kwenye njia kubwa za hewa, na kuna inayoanza kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembeni mwa pafu. Ya mama ni hii ya mwisho. Huwapata hata wasiovuta."

"Ni moshi wa samaki?" Spesiosa aliuliza.

"Moshi wa kuni unaweza kuchangia, na wa sigara za mzee pia. Lakini siwezi kukuapia kwamba ndio uliokuletea ugonjwa."

"Na itapona?"

Elinipa alivuta kiti karibu. "Imeshatoka pafuni, mama. Kuiondoa yote hatuwezi. Tutapunguza maumivu, na nitakuandikia uende Dar es Salaam wakaone la kuongeza."

Sindayigaya aliinamisha kichwa. Spesiosa akauliza jambo ambalo daktari hakulitegemea.

"Inaambukiza? Kwa mate?"

"Hapana. Si kwa mate, si kwa pumzi, si kwa kulala pamoja. Haijawahi kumwambukiza mtu yeyote."

Njiani Sindayigaya alilia waziwazi, watu wakamtazama. Spesiosa alikuwa anahesabu kichwani: Jumapili moja tu imebaki. Eufrasia alikuwa amejiandikisha kurudi Burundi, na magari ya kuwarudisha wakimbizi yangeondoka Jumatano.

Jumapili ilipofika, aliwaeleza wote maneno ya daktari, pasipo kuficha lile la kutopona. Akakaa mkekani, si kizingitini. Mrija ukazunguka taratibu, ukamfikia. Akaushika kwa mikono miwili, akanywa, akaendelea kuushika.

"We Mama Armelle," Selestini, jirani yao, akamtania Spesiosa kwa sauti, "huo mrija si mahari yako! Tupitishie, koo zimekauka!"

Kicheko kikalipuka, hata yeye akacheka mpaka akakohoa. Akamnyooshea Eufrasia mrija ule. Zamani, yeyote aliyeogopa mate ya mwenzake aliufuta kwa ncha ya kanga, na kila mtu alijua maana yake. Eufrasia aliutazama mrija, akamtazama mdogo wake, akautia kinywani ulivyo, akavuta funda refu, machozi yakimlengalenga.

Spesiosa alimwegemea mumewe, akanong'ona:

"Hakuufuta."