Mrashi wa Fedha

Juzi niliona mrashi wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi, katika duka moja mtaa wa Biashara, na wivu wangu wa zamani ukanirudia mzima mzima.

Ilikuwa harusi ya shangazi yangu, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Bibi alimchagua Riziki, binti wa mpishi wetu, awarashie wageni marashi ya waridi. Mimi, mjukuu wake wa damu, nikaachwa niangalie! Mkono wa Riziki ulikuwa mwepesi: matone mawili matatu kiganjani, nguo ya mtu hailowi. Nilimtazama akipita katika moshi wa udi na vigelegele, nikaomba ajikwae.

Hakujikwaa. Alipomfikia mgeni mmoja wa heshima, yule mama akaficha mikono ndani ya buibui.

"Hamkupata mtoto mweupe kidogo?"

Bibi akacheka kicheko kifupi, akamnong'oneza Riziki, "Nenda kamsaidie mamako jikoni, mwanangu. Tusiharibu shughuli ya watu." Kisha akanikabidhi mrashi.

Nilidhani Riziki amekosea kazi, na mimi hatimaye nimeonekana bora. Sasa najua Bibi alimpenda Riziki kuliko alivyonipenda mimi, na bado inaniuma. Ila raha ya ukumbi aliipenda zaidi.

Yule mgeni alininyooshea viganja vyote viwili. Kwa mkono wangu mzito nilimlowesha hadi kwenye kiwiko. Niliwalowesha na wenzake, mmoja baada ya mwingine, nao wote wakasema mashallah.